Stenlesi: chuma kinacholindwa na kutu yake chenyewe

Chukua glasi mbili za maji. Moja itie msumari wa kawaida, nyingine itie kijiko cha stenlesi, halafu uviache siku tatu. Msumari utatoka na madoa ya hudhurungi na maji yake yamegeuka rangi ya chai. Kijiko kitatoka kama kilivyoingia. Ukiuliza sababu, mara nyingi utaambiwa kwamba stenlesi haipatani na hewa, oksijeni haiigusi. Mambo ni kinyume. Stenlesi huidaka oksijeni haraka kuliko msumari. Ukikwaruza kijiko kwa ncha ya kisu, mkwaruzo ule unakuwa umeshaungana na oksijeni kabla hujakiweka kisu chini. Tukiacha ukali wa istilahi, kijiko nacho kimeshika kutu, ila kutu ya aina nyingine.

Kutu ya msumari ina vitundu vingi na humeguka. Tena huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo hutuna, hubanduka na kuacha chuma kipya uchi mbele ya maji na hewa. Kazi inaanza upya, hadi msumari wote uwe unga. Kromi, metali inayochanganywa na chuma ili kupata stenlesi, ikiungana na oksijeni hufanya utando uliobana, unaokamatana na chuma kilicho chini yake. Unene wake ni nanomita chache, mbili au tatu hivi, na nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Mwanga unaupita kana kwamba haupo, ndiyo maana tunachokiona ni mng'aro wa chuma. Maji na oksijeni havipenyi. Utando ukichanika, kromi iliyo chini hukutana na hewa na utando unaota tena.

Ulinzi huo una masharti. Kwanza, kromi isipungue asilimia 10.5 ya uzito wa chuma. Ikiwa chini ya hapo, chembe zake zinakuwa zimetawanyika mno kuweza kushonana zikawa utando usio na pengo. Pili, oksijeni iwepo ya kuujenga utando unapochanika. Tatu, na hili wengi hulisahau, kromi iwe huru, imeyeyuka ndani ya chuma, isiwe imefungwa na kitu kingine. Sharti hili la tatu linaeleza karibu kila jambo la ajabu kuhusu stenlesi: kwa nini ilichelewa kugunduliwa, kwa nini tanuru la umeme peke yake haliitoshi, kwa nini huoshwa kwa asidi kali kabla ya kuuzwa, na kwa nini huweza kuoza milimita chache tu kutoka mahali ilipochomelewa. Kromi ina tabia ya kutoroka. Inapenda oksijeni, inapenda kaboni vilevile, na viwili hivyo havikosekani popote chuma kinapotengenezwa.

Neno moja kuhusu jina. Programu za tafsiri zimetuzoesha kuona stenlesi ikiitwa "chuma cha pua". Si sahihi. Chuma cha pua, au pua kwa kifupi, ni chuma kilichotiwa kaboni kidogo kikapata ugumu: reli, nondo, springi, nyundo. Lugha yetu ina neno feleji pia, pua ya hali ya juu, ile ya panga zinazosifiwa katika tenzi. Vyote hivyo vinashika kutu. Stenlesi ni pua iliyoongezwa kromi, na watu wanaofanya kazi nayo wanaiita stenlesi, basi.

Miaka tisini ya kuizunguka

Mwaka 1821 Mfaransa Pierre Berthier aliona kwamba chuma kilichochanganywa na kromi nyingi hakiliwi upesi na asidi, akapendekeza kitumike kwa visu. Wazo lilikuwa sahihi. Aloi yake, yaani mchanganyiko wake wa metali, ndiyo haikufaa. Kromi ya wakati ule ilipatikana kwa kuchoma mawe yake pamoja na makaa, na makaa ni kaboni. Kilichotoka kilikuwa na kaboni nyingi mno, kigumu lakini chenye kuvunjika kama kigae. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1890, Mjerumani Hans Goldschmidt alipobuni njia ya kuitoa kromi kwa unga wa alumini badala ya makaa. Kromi isiyo na kaboni ilipoanza kupatikana, ugunduzi ulikuja kwa mfululizo, na ndiyo sababu nchi kadhaa zinadai kuwa za kwanza.

Mwaka 1912 kampuni ya Krupp mjini Essen, Ujerumani, iliomba hataza ya stenlesi yenye kromi na nikeli, kazi ya Eduard Maurer na Benno Strauss. Mwaka uliofuata, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta kitu tofauti kabisa: chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka kwa joto na msuguano wa risasi. Agosti 1913 aliyeyusha aloi yenye kromi asilimia 12.8 na kaboni asilimia 0.24. Ili kuziona chembe za chuma kwa hadubini, kipande husuguliwa kikawa kama kioo, kisha hulishwa asidi kidogo inayokula baadhi ya sehemu na kuacha nyingine. Kipande hiki kilikataa kuliwa. Mwingine angekitupa kwa kuwa kinamharibia kipimo. Brearley, mtoto wa mji wa watengeneza visu, alikijaribu kwa siki na maji ya limau, maadui wakubwa wa visu vya mezani wakati huo. Jina lililotumika hadi leo linahusishwa na mtengeneza visu wa Sheffield, Ernest Stuart, ambaye alikiloweka kisu kwenye siki kikatoka bila doa. Jina lenyewe kwa asili, stainless kwa Kiingereza, halitaji kutu kabisa. Linasema tu kwamba chuma hiki hakiingii doa, dai dogo zaidi na la kweli zaidi kuliko lile la "haishiki kutu".

Tanuruni: namna ya kuitoa kaboni bila kuiunguza kromi

Kromi huchimbwa ikiwa ndani ya mawe meusi mazito yaitwayo kromaiti. Afrika Kusini inaongoza duniani kwa uchimbaji wake. Kazakhstan, Uturuki na India zimo pia, na Zimbabwe ina akiba kubwa katika mlolongo wa miamba wa Great Dyke. Kromaiti huyeyushwa pamoja na makaa katika matanuru ya umeme ikawa ferokromi, mchanganyiko wa chuma na kromi. Na hapo tatizo la Berthier linarudi, kwa sababu ferokromi ya bei nafuu hubeba kaboni ya asilimia 6 hadi 8. Nikeli huongezwa kwa gredi zinazoihitaji, na kwa sasa Indonesia ndiyo mchimbaji mkubwa kuliko wote. Mzigo uliobaki ni skrepa, yaani stenlesi chakavu na chuma chakavu.

Vyote vinamwagwa katika tanuru la umeme. Nguzo tatu nene za grafiti zinashushwa, umeme unaruka kutoka kwenye nguzo hadi kwenye chuma kama radi isiyokoma, na shehena inageuka uji unaong'aa wa nyuzijoto 1,600 hivi. Uji huo una kromi ya kutosha. Kaboni yake, hata hivyo, bado ni asilimia moja au mbili, na inatakiwa ishuke hadi chini ya 0.08, kwa gredi nyingi chini ya 0.03.

Kwa chuma cha kawaida dawa ni rahisi: puliza oksijeni, kaboni iungue itoke kama gesi. Kwa stenlesi dawa hiyo inamuua mgonjwa. Oksijeni inaikuta kromi, kromi inaungua pamoja na kaboni, na mali yote inaelea juu katika mavi ya chuma, ile takataka iliyoyeyuka. Kaboni ingeweza kulazimishwa itangulie kwa kupandisha joto sana, lakini matofali ya tanuru hayavumilii. Kwa miongo mingi viwanda vilikubali hasara: viliunguza vyote viwili, kisha mwishoni vikaongeza ferokromi maalumu yenye kaboni kidogo sana, ambayo ni ghali.

Njia ya kutoka ilipatikana mwaka 1954 kwa William Krivsky, mtafiti wa kampuni ya Union Carbide ya Marekani. Alichanganya gesi ya arigoni na oksijeni ili tu joto lisimzidi katika majaribio yake, akaona kaboni inashuka na kromi inabaki.

Fikiria nguo mbichi. Ukiianika katika chumba kilichofungwa, mvuke unajaa chumbani na nguo haikauki hata kukiwa na joto. Fungua madirisha, upepo uupeleke mvuke nje, nguo itakauka. Kaboni nayo hutoka kwenye chuma kwa kugeuka gesi, kaboni monoksidi, na gesi hiyo ikirundikana inaizuia nyingine isitoke. Arigoni haiungani na chochote. Kazi yake ni kuwa upepo. Viputo vyake vinapita ndani ya uji, vinaizoa kaboni monoksidi, na kaboni inaendelea kutoka kwa joto ambalo matofali yanalimudu. Kromi hainufaiki na upepo huo kwa sababu oksidi yake, yaani kromi iliyoungana na oksijeni, si gesi. Kwa hiyo mizani inaielemea kaboni.

Ilichukua zaidi ya miaka 10 wazo hilo kuwa mtambo. Wa kwanza wa kibiashara ulianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Fort Wayne, Indiana. Leo zaidi ya robo tatu ya stenlesi ya dunia hupitia chombo cha namna hiyo, chungu kikubwa chenye mdomo mwembamba kinachopulizwa kutoka ubavuni, karibu na kitako. Mwanzoni oksijeni huwa nyingi na arigoni kidogo. Kaboni inavyozidi kupungua, ndivyo uwiano unavyogeuzwa. Hata hivyo kromi kiasi hutoroka, kwa hiyo mwishoni hutiwa silikoni na chokaa: silikoni inaipokonya kromi oksijeni yake, kromi inazama tena ndani ya chuma, na chokaa inazoa salfa. Nimesoma habari za mitambo mingi ya viwandani, na sijaona hatua inayonifurahisha kama hii, ya kuwafuata watoro hadi kwenye takataka na kuwarudisha nyumbani.

Baada ya hapo mambo yanakwenda kasi. Uji unamiminwa mfululizo katika kalibu iliyopozwa kwa maji, unatoka ukiwa bamba nene la sentimita 20 hivi. Bamba hupashwa moto hadi nyuzijoto 1,200 hivi na kupitishwa kati ya rola kubwa, mara nyingi, hadi liwe na unene wa milimita chache na kuviringishwa kama koili.

Koili hiyo ukiiona hutadhani ni stenlesi. Ni nyeusi, ina magamba. Katika joto lile kromi ya juujuu imekimbilia oksijeni kwa wingi na kufanya gamba nene, na tabaka la chuma lililo chini kidogo ya gamba limebaki na upungufu wa kromi. Kuling'oa gamba peke yake hakutoshi. Tabaka maskini lililo chini yake lazima liondoke pia. Ndiyo maana koili hupashwa moto tena hadi nyuzijoto 1,050 hivi ili chembe zilizobanwa na rola zijipange upya, hupozwa haraka, kisha hupitishwa katika mabwawa ya asidi ya nitriki na haidrofloriki. Asidi hii ya pili ni hatari kweli: hupenya ngozi na kushambulia hadi mfupa, wakati mwingine maumivu yakichelewa kuanza. Inapotoka humo, stenlesi ni kijivu kisicho na mng'aro, lakini kromi yake iko mahali pake, na utando unaota wenyewe hewani.

Mng'aro unatokana na kubinywa tena ikiwa baridi. Stenlesi huzidi kuwa ngumu kadiri inavyobinywa, na rola nyembamba huuma vizuri kuliko nene, ila rola nyembamba hupinda. Tadeusz Sendzimir, mhandisi wa Kipoland, alilitatua hilo kwa kuziegemeza rola mbili nyembamba kwa rola nyingine nene, zikiegemezwa na nyingine tena, jumla rola 20 katika mashine moja. Mabamba laini ya sinki na ya mashine za jikoni yanapitia huko.

Familia, na ule mtihani wa sumaku

Kuna gredi zaidi ya mia moja, lakini hakuna haja ya kuzikariri. Swali la msingi ni namna atomi za chuma zilivyopangwa. Chuma cha kawaida kikiwa baridi hujipanga kwa namna moja, kikiwa na moto mkali hujipanga kwa namna nyingine iliyoshikana zaidi. Ukiongeza nikeli ya kutosha, ule mpangilio wa motoni unabaki hata chuma kikipoa. Hapo unapata familia ya asteniti, ambayo gredi 304 (kromi asilimia 18, nikeli 8) ndiyo maarufu kuliko zote duniani. Asteniti hukunjika na kuvutika bila kupasuka, huchomeleka vizuri, na haiwi dhaifu kama kigae kwenye baridi kali. Chuma cha kawaida kikishuka chini sana ya kiwango cha kuganda huweza kupasuka kwa pigo moja. Stenlesi ya asteniti hubeba nitrojeni ya maji ya nyuzijoto 196 chini ya sifuri bila wasiwasi. Matangi ya gesi asilia iliyopozwa ikawa maji, nyuzijoto 162 chini ya sifuri, huitumia kwa sababu hiyohiyo.

Bila nikeli unapata feriti, kama gredi 430. Ni nafuu, haipindiki vizuri kama 304, lakini inatosha kwa ngoma za mashine za kufulia na mapambo ya ndani. Ndugu yake mwenye kromi kidogo, 409, ndiye aliyejaa kwenye mabomba ya moshi ya magari. Ukiongeza kaboni na kuipoza ghafla ikiwa ya moto, unapata martensiti: visu, vifaa vya upasuaji vyenye makali, bapa za tabo (mitambo inayozungushwa na mvuke au maji). Hii ndiyo familia ya kipande cha Brearley, na ndiyo inayoshika kutu upesi kuliko zote, kwa kuwa sehemu ya kromi yake imefungwa na kaboni. Kisu kizuri kikiachwa kimelowa usiku kucha kinaweza kuamka na vidoa. Hiyo si ishara ya ubandia.

Kisha kuna duplexi, nusu asteniti na nusu feriti, kama gredi 2205. Nguvu yake ni karibu mara mbili ya 304, kwa hiyo tangi linaweza kujengwa kwa bamba jembamba zaidi. Mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari na viwanda vya karatasi huipenda sana.

Basi mtihani wa sumaku. Wengi huamini kwamba sumaku ikishika, stenlesi ni feki. Feriti na martensiti hushika sumaku, nazo ni stenlesi halali kabisa. Na 304 yenyewe, ikikunjwa au kuvutwa ikiwa baridi, baadhi ya atomi zake hujipanga upya na kuanza kuvutwa kidogo: jaribu sumaku katikati ya sinki, halafu ijaribu kwenye kona. Kwa upande mwingine, familia ya 200, inayotumia manganisi na nitrojeni badala ya sehemu kubwa ya nikeli, kwa kawaida haishiki sumaku, ilhali kinga yake ni dhaifu kuliko ya 304. Anayetaka kukudanganya atakuuzia hiyo, na sumaku yako itamtetea.

Kinachofanya viwanda viichague

Nguvu peke yake si sababu. Pua ya kawaida yenye nguvu kama hiyo ina bei nafuu mno. Viwanda vya maziwa, vinywaji na dawa huichagua kwa sababu ya usafi. Uso wake hauhitaji rangi, kwa hiyo hakuna kinachobanduka na kuingia katika chakula, na matangi huoshwa kwa soda kostiki ya moto na asidi bila kufunguliwa. Uso unaogusa chakula hulainishwa hadi mikwaruzo yake ibaki na kimo cha wastani kisichozidi mikromita 0.8, kiwango kinachotumika sana, ili bakteria wakose pa kujificha maji yanapopita.

Ina udhaifu mmoja ambao kila mpishi anaujua bila kuambiwa: haipitishi joto vizuri. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko 304, na alumini zaidi ya mara 10. Ndiyo maana sufuria nzuri ya stenlesi huwa na kitako kinene chenye alumini iliyofichwa katikati. Isiyo nayo huunguza pale tu moto unapogusa.

Katika ujenzi, kilele cha jengo la Chrysler mjini New York kilifunikwa kwa stenlesi mwaka 1930 na bado kinang'aa. Huko Progreso, pwani ya Yucatán nchini Mexico, gati refu lilijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa zege lenye nondo za stenlesi, na bado linatumika. Gati lingine lililojengwa kando yake miongo kadhaa baadaye kwa nondo za kawaida limebaki mabaki majini.

Inapooza, huozea wapi?

Adui wa utando ni kloridi: chumvi, maji ya bahari, dawa za klorini za kupaushia nguo. Kloridi haili uso mzima. Hutafuta sehemu moja dhaifu, inapenya, na ndani ya kishimo kile kidogo maji yanageuka asidi. Oksijeni haifiki chini, utando hauoti tena, na chuma kinachimbwa kuelekea ndani. Nje unaona nukta kama ncha ya sindano, ndani kuna pango. Jambo hilo huanza hata kwenye sufuria: ukitia chumvi ndani ya maji baridi, punje zinakaa kitakoni na kutengeneza vishimo vyeupe visivyosuguka. Subiri maji yachemke, ndipo utie chumvi ukikoroga.

Kinachosaidia ni metali iitwayo molibdeni. Gredi 316 ni kama 304 iliyoongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3. Wahandisi wana hesabu fupi ya kulinganisha kinga dhidi ya vishimo: chukua asilimia ya kromi, ongeza asilimia ya molibdeni mara 3.3, ongeza ya nitrojeni mara 16. 304 inapata 18 au 19 hivi, 316 inapata kama 24, 2205 inapata kama 35. Kwa maji ya bahari ya vuguvugu yaliyotuama hutakiwa zaidi ya 40. Kwa hiyo kauli ya kwamba 316 ni "gredi ya baharini" ichukuliwe kwa tahadhari. Inafaa kwa vishikio vya mashua vinavyooshwa kwa maji safi, haifai kwa kila kitu kinachozama.

Kloridi ikikutana na chuma kilichovutwa kwa nguvu, mambo huwa mabaya zaidi. Tarehe 9 Mei 1985, katika bwawa la kuogelea la ndani mjini Uster, Uswisi, dari ya zege iliyoning'inizwa kwa fito za stenlesi ilianguka na kuua watu 12. Mvuke wa bwawa ulikuwa ukiacha kloridi juu ya fito mahali pasipofikiwa na kitambaa wala maji, na nyufa zilikuwa zimetembea ndani yake. Fito hizo zilikuwa zimechaguliwa kwa sababu ni stenlesi.

Halafu kuna kuchomelea. Tazama kwa karibu tangi la 304 la kawaida lililochomelewa bila uangalifu, baada ya miaka kadhaa ya kukaa na kitu chenye asidi. Mshono wenyewe mara nyingi ni mzima. Lakini pande zote mbili, milimita chache kutoka kwenye mshono, kuna mistari miwili ya hudhurungi inayokwenda sambamba kama reli. Pale ndipo joto lilipokaa kati ya nyuzijoto 425 na 850, na katika joto hilo kaboni huenda kwenye mipaka ya chembe za chuma na kujifungia kromi. Kromi ipo, ukiipima utaikuta yote, ila imefungwa. Ukingoni mwa kila chembe hakuna ya kutosha kujenga utando, na asidi inafuata mipaka hiyo kama maji yanavyofuata nyufa za ukuta. Dawa ni kutumia 304L, yenye kaboni isiyozidi 0.03, au gredi iliyotiwa titani au niobi, metali ambazo kaboni inazipenda kuliko kromi. Ile mitambo ya arigoni ndiyo iliyofanya gredi za kaboni ndogo ziwe kitu cha kawaida.

Rangi za upinde wa mvua zinazobaki kando ya mshono si pambo. Ni oksidi iliyonenepa, na chini yake kuna upungufu uleule wa kromi uliokuwa chini ya gamba la koili. Huondolewa kwa dawa ya asidi au kwa kusuguliwa. Msuguaji naye awe macho: jiwe la grainda lililokwisha kutumika kwenye chuma cha kawaida hupandikiza punje za chuma kwenye stenlesi, na wiki mbili baadaye mteja anapiga simu kusema stenlesi yake inashika kutu. Iliyoshika kutu ni punje ya kigeni. Moshi wa kuchomelea stenlesi pia si wa kuvuta. Una kromi ya aina inayosababisha saratani.

Na bolti. Nati ya stenlesi ikikazwa kwa kasi juu ya bolti ya stenlesi, utando wa pande zote mbili unasuguka na kuondoka, hewa haifiki kuujenga upya, na metali tupu inagusana na metali tupu. Zinaungana kama zimechomelewa, nati haiendi mbele wala nyuma, na kilichobaki ni msumeno. Mafundi wenye uzoefu hupaka grisi maalumu kwanza, na hukaza taratibu kwa mkono.